Butembo-Beni: Orodha za wahanga ndani ya mashini zisizo na ulinzi

Katika ofisi nyingi za mashirika ya raia mjini Butembo na Beni, mashini inayotunza majina ya wanawake waliobakwa ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa jioni kupakua filamu na nyimbo. Karani anaitumia, mtunza hesabu anaitumia, na mtoto wa mratibu naye huja kuichezea baada ya masomo. Neno la siri limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kusudi mtu asisahau. Mlangoni kuna mlinzi, dirishani kuna vyuma, usiku kuna mbwa. Ndani ya mashini yenyewe hakuna kinachozuia chochote.

Mashefu wanaogopa mwizi wa kubeba kompyuta na kukimbia nayo. Hawakosei, wizi huo upo. Lakini kuna mwizi mwingine ambaye haibebi. Anaiacha mezani, inaendelea kufanya kazi kama kawaida, na kila kinachoandikwa humo kinamfikia. Huyo hatajwi kwenye mkutano wa Jumatatu.

Mwizi asiyepiga kelele

Virusi vya zamani vilijitangaza. Faili zilipotea, mashini ilizimika yenyewe, karani alipiga kelele na fundi akaitwa. Programu ya upelelezi haitaki kuonekana. Inaandika kila kibonye kinachobonyezwa, pamoja na neno la siri la barua pepe na la benki. Inapiga picha ya kioo. Inakusanya maneno ya siri ambayo mtumiaji aliyahifadhi kwenye kivinjari chake ili asiyaandike kila mara. Nyingine zinaweza kuwasha kipaza sauti cha mashini. Mega zikiisha, inasubiri. Mega zikinunuliwa, inatuma ilichokusanya.

Na kama mashini zote za ofisi zimeunganishwa kwenye mtandao mmoja, huku folda moja ikiwa wazi kwa kila mtu, haitabaki kwa karani. Itatembea hadi kwa mtunza hesabu, kisha hadi kwa mratibu.

Mratibu akipoteza habari zake, atalalamika wiki mbili kisha atapata mashini mpya. Anayeumia kweli ni mwanamke wa kijijini aliyesimulia yaliyompata kwa sharti moja tu, kwamba jina lake lisitoke. Ni mkulima aliyesema ni nani aliowaona usiku wa mauaji. Katika eneo la Beni, ambako raia wanauawa tangu Oktoba 2014, maneno kama hayo yanaweza kumpeleka mtu kaburini. Tena wakaaji wa hapa wanajua uzito wa orodha. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, aliyeandikwa kwamba amegusana na mgonjwa alitazamwa vingine na majirani, hata kama hakuugua siku moja.

Yanaingilia wapi?

Watu wengi wanafikiri wadukuzi ni vijana wenye akili za ajabu walio Ulaya au Asia, wanaovunja kuta kwa hesabu ngumu. Mara nyingi hakuna ukuta wa kuvunja. Ofisi yenyewe imewafungulia.

Mfano mkubwa ni Windows ya wizi. Mashini ya okazioni inafika kutoka Kampala au Dubai, fundi anakuja na kle yake mfukoni, anaweka Windows, Word na Excel, analipwa dola chache na kwenda zake. Programu hizo hazikununuliwa popote. Ili zikubali kufanya kazi, anaongeza programu ndogo ya kuvunja kufuli. Na hiyo programu ndogo, kabla ya kufanya lolote, inaomba kitu kimoja: antivirusi izimwe kwanza. Fundi anaizima. Mara nyingi haiwashwi tena. Hakuna anayekubali kumwambia mlinzi wa lango akalale ili mgeni asiyejulikana apite na mizigo yake, lakini kwenye mashini jambo hilo linafanyika mchana, mbele ya shefu, na analipia.

Si kila kifungua-kufuli kina jasusi ndani, na fundi wengi hawana nia mbaya. Wao wenyewe hawajui kilicho ndani ya kle yao. Lakini njia hiyo inajulikana duniani kote. Mwezi Oktoba 2024, polisi ya Uholanzi pamoja na Marekani na nchi nyingine walizima mitambo ya RedLine, programu iliyokuwa ikiiba maneno ya siri kwenye kompyuta za watu wengi sana. Programu za wizi ni kati ya njia zilizoitawanya.

Kle yenyewe ni mlango wa pili. Karani anaandika ripoti ofisini, wino wa mashini ya kuchapia umekwisha, anakimbia na kle kwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko. Kle inaingizwa kwenye mashini iliyokwisha kupokea kle za wanafunzi, za wachungaji, za polisi na za wachuuzi tangu asubuhi. Nusu saa baadaye inarudi na kuingizwa kwenye mashini yenye majina ya wahanga. Wakati wa Ebola kila mtu alinawa mikono mlangoni kabla ya kuingia ofisini. Kle haikunawa wakati ule, na leo bado hainawi.

Mlango wa tatu ni barua pepe, na huo ndio unaohitaji kusemwa kwa uangalifu, maana unawakamata hata wasomi.

«Sisi ni wadogo, nani atatutafuta?»

Ndilo jibu linalosikika kila mara. Shirika lina watu sita, chumba kimoja na pikipiki mbili. Nani atapoteza muda wake kulipeleleza?

Mwezi Oktoba 2021 shirika la Amnesty International lilichapisha habari za mtetezi mmoja wa haki za binadamu nchini Togo. Jina lake halikutajwa, kwa usalama wake. Kati ya mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020, alitumiwa kwenye simu programu iliyojifanya ya mazungumzo salama, na kwa barua pepe alitumiwa hati ya Word iliyotengenezwa ili iweke jasusi kwenye kompyuta yake ya Windows. Mtu mmoja, katika nchi ndogo, alitafutwa na watu wa mbali waliokuwa wanajua jina lake na kazi yake.

Wengine hawamtafuti mtu, wanatafuta pesa. Novemba 2022, kampuni ya Group-IB na wataalamu wa Orange walieleza juu ya kundi walilolipa jina la OPERA1ER. Kati ya 2018 na 2022 lilifaulu kushambulia zaidi ya mara 30, hasa mabenki na kampuni za simu za Afrika, nyingi zikiwa katika nchi zinazotumia Kifaransa, na liliiba si chini ya dola milioni 11. Barua zake nyingi ziliandikwa kwa Kifaransa: tangazo la ofisi ya kodi, nafasi ya kazi kwenye benki kubwa. Mtumishi mmoja anafungua, basi. Baada ya hapo kundi lilikaa kimya ndani ya mtandao kati ya miezi 3 na 12, likisoma jinsi ofisi inavyofanya kazi, kabla ya kugusa pesa. Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida, vinavyopatikana kwenye intaneti.

Kwa shirika la Butembo, barua ya aina hiyo haitazungumza juu ya benki. Itakuwa mwito wa kuomba ufadhili, wenye tarehe ya mwisho kesho saa sita. Nani hataifungua? Mashirika yanaishi kwa miito hiyo, na hapo ndipo penye udhaifu wao. Hakuna mafunzo yatakayomfanya mratibu asifungue tangazo la ufadhili. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba mashini anayofungulia matangazo siyo ile yenye orodha.

Kuna pia wanaosema kinyume, kwamba wakubwa wana fedha za kujilinda na hivyo hawapatwi. Januari 2018 gazeti la Ufaransa Le Monde liliandika kwamba, tangu 2012 hadi 2017, habari kutoka kompyuta za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa zilikuwa zikitumwa kila usiku, kati ya saa sita na saa nane, kwenda Shanghai. Jengo hilo lilikuwa zawadi ya China. China ilikanusha kabisa. Hata hivyo, kilichoandikwa kinawahusu wanaopokea zawadi: mashini zilizotolewa na mradi uliokwisha, modemu iliyowekwa na mtoa huduma na ambayo neno lake la siri bado ni lile la kiwandani. Zawadi inapokelewa kwa mikono miwili. Kisha inafutwa yote na kuwekwa upya kabla ya kuunganishwa na nyingine.

Kilichowapata Msalaba Mwekundu

Tukio linalogusa Kivu kuliko yote ni la Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Hakuna familia nyingi huku zisizojua kazi yake ya kutafuta jamaa waliopotezana kwa vita. Tarehe 18 Januari 2022 iligundua kwamba kuna watu ndani ya kompyuta zake. Walikuwa wameingia tangu 9 Novemba 2021, yaani siku 70. Waliweza kufikia habari za watu zaidi ya 515,000: waliotenganishwa na familia, waliopotea na jamaa zao, wafungwa. Habari hizo zilikuwa zimekusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60.

Waliingiaje? Programu moja ilikuwa na tundu. Marekebisho ya tundu hilo yalikuwa yamekwisha kutolewa, lakini hayakuwa yamewekwa bado. Wakishaingia, walitumia vifaa vya kujifanya watumiaji halali.

Ikiwa shirika lenye mainjinia wa kazi hiyo tu limekaa siku 70 bila kujua, ofisi ya watu sita inaweza kukaa miaka. Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba Kamati hiyo ilisema yenyewe, hadharani, na kuanza kuwatafuta wenye majina ili iwaambie. Haikungoja gazeti liandike.

Pesa za nani?

Sababu inayotolewa ni ukosefu wa pesa. Ina ukweli, lakini nusu. Tazama bajeti ya mradi wa kawaida. Kuna mstari wa mafuta ya gari, wa ukumbi wa semina, wa chakula cha wageni, wa fulana na bango lenye nembo ya mfadhili. Mstari wa fundi wa kudumu haupo. Mstari wa kununua programu halali haupo. Mashini ikilala, fundi wa mtaani anaitwa na kulipwa kutoka kwenye pesa za karatasi na kalamu.

Mfadhili naye ana lawama yake, tena kubwa. Anataka ushahidi kwamba wahanga 200 walisaidiwa kweli. Anaomba orodha: jina, umri, kijiji, namba ya simu, sahihi, aina ya ukatili. Anaiomba kwa Excel, kwa barua pepe, kabla ya Ijumaa. Mratibu anaogopa kupoteza awamu ya pili, anatuma. Orodha hiyo sasa ipo Butembo, Goma, Kinshasa na mji mmoja wa Ulaya, kwenye mashini ambazo hakuna anayezijua zote. Mfadhili anayeomba jina kamili la mwanamke aliyebakwa ili tu ajaze faili yake anaomba kitu asichokihitaji. Namba ya siri ya kila mhanga ingetosha, na mkaguzi akitaka kuhakikisha aje asome karatasi ofisini, akiwa ameketi, bila kuondoka nayo.

Sheria ipo upande huo. Kanuni ya dijitali ya Kongo, yaani sheria-amri namba 23/010 ya 13 Machi 2023, inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Mashirika yanaweza kuitaja kwenye mkataba. Ni aibu kwamba mashirika yanayofundisha wananchi haki zao hayaisomi sheria inayoyapa nguvu ya kusema hapana.

Yasiyongoja mfadhili

Kuna mengi yanayofanyika bila dola nyingi. La kwanza ni mashini moja ya orodha. Iwe ya zamani, iwe nzito, haidhuru, mradi haiunganishwi kabisa na intaneti, ina kle yake isiyotoka mlangoni, na diski yake imefungwa kwa programu kama VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Jasusi asiye na njia ya kutuma ni kama panya ndani ya debe.

Mashini nyingine zote zinahitaji jambo ambalo fundi wachache wanalifanya: mtumiaji wa kila siku asiwe na haki za msimamizi. Karani akiwa na akaunti ya kawaida, programu nyingi ngeni haziwezi kujiweka bila neno la siri la msimamizi, na neno hilo awe nalo mtu mmoja. Kazi ya dakika kumi. Mashefu wengine hukataa, wakiona ni aibu kwao kutokuwa na haki zote kwenye mashini yao. Basi ndiyo mashini za kwanza kuambukizwa.

Windows 7 haipati marekebisho ya usalama tangu 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha 14 Oktoba 2025. Mashini nyingi za okazioni haziwezi kubeba Windows 11. Hapo kuna njia ya Ubuntu na LibreOffice, ambazo ni halali na bure, hazihitaji kuvunja kufuli. Zinaandika ripoti, zinafungua Excel. Wiki ya kwanza ni ya manung’uniko, kisha watu wanazoea. Wenye Windows 11 wana antivirusi ndani yake tayari, waiache iwake. Marekebisho yanakula mega nyingi, hilo ni kweli na ndiyo maana watu huyazima. Mega hizo ziwekwe kwenye bajeti kama mafuta ya pikipiki. Wi-Fi ya wageni itengwe na ya ofisi. Barua pepe ya ofisi idai namba ya pili kutoka kwenye simu, ili neno la siri lililoibwa lisitoshe peke yake.

Neno moja juu ya mashefu wanaotaka kuweka wao wenyewe programu za kuwachunguza wafanyakazi, eti wajue nani anashinda Facebook. Programu hiyo inasoma kila kitu, pamoja na majina ya wahanga, na inavipeleka kwenye simu ya shefu au kwa kampuni isiyojulikana. Huko ni kununua jasusi kwa pesa za ofisi. Anayetaka kujua kama karani anafanya kazi aangalie kazi.

Mashini ikishukiwa

Kosa la kawaida ni kuita fundi afute kila kitu siku hiyo hiyo. Ushahidi unafutika, na hakuna atakayejua kilichotoka. Kwanza mashini ikatwe mtandao, waya na Wi-Fi. Maneno ya siri yabadilishwe kutoka mashini nyingine iliyo safi, si kutoka hiyo hiyo. Shirika la Access Now lina kituo cha msaada kwa wanahabari na mashirika ya raia, saa 24, bila malipo, na kinajibu pia kwa Kifaransa. Kuwaandikia hakugharimu kitu isipokuwa mega.

Kisha inabaki kazi ambayo hakuna fundi atakayeifanya. Walio kwenye orodha waambiwe. Msalaba Mwekundu walitumia simu, barua na matangazo, na mahali pengine timu zilibidi kusafiri hadi vijijini kuonana na watu ana kwa ana. Kwa shirika la Butembo hiyo ni safari ya pikipiki kwenda Oicha au Lubero, kuketi na mwanamke aliyeliamini, na kumwambia kwamba jina lake huenda limesomwa na mtu mwingine, ili aamue mwenyewe kama anabaki au anahamia kwa ndugu. Mafuta ya safari hiyo nayo yaandikwe kwenye bajeti.